Valizi ya Kwenda Nkhotakota

Mama yangu alikuwa na valizi mbili, masanduku ya safari, na alizitenganisha kama wake wenza wasiosalimiana. Moja ilikaa nyuma ya mlango, nyingine juu ya kabati. Ya mlangoni ilikuwa ya kukimbia. Ya kabatini ilikuwa ya kutembea. Ole wako uchanganye vitu vya huku na vya kule. Siku moja nilitia taulo safi katika ile ya kabatini, nikidhani nasaidia, na mama akaitoa kwa ncha za vidole kana kwamba nimemwekea panya mfu.

"Taulo hii ilienda Sake tulipokimbia," alisema. "Ilishalala chini na sisi. Haiwezi kwenda kwa yaya yangu."

"Mama, nimeifua."

"Ukiifua, inasahau?"

Mimi ni fundi wa nguo, nashona Birere kati ya wauza sabuni na wenye moto, zile pikipiki za kukodi, wanaopiga honi kutwa nzima, na mtu akinichokoza maneno hayanipungukii. Kwa mama tu ndiko yalikonipungukia. Nikarudisha taulo kwenye kamba.

Valizi ya kukimbia haihitaji maelezo kwa mtu wa Goma. Volkano iko juu yetu, ziwa liko chini yetu, na waasi wanakuyaga, wanaenda, wanakuya tena na jina jipya. Kila nyumba ina mfuko wake karibu na mlango: blanketi, sufuria ndogo, chumvi, dawa, karatasi za shule za watoto. Ukisikia mlio, unanyoosha mkono tu. Lakini valizi ya kutembea ilikuwa ya mama peke yake katika mtaa wote, na watu walimcheka. Ilikuwa ya kwenda Nkhotakota, mji ulioko kando ya ziwa kule Malawi, alikokuwa anaishi dada yake mkubwa; yeye alimwita yaya, mimi nilimwita mama mukubwa. Alianza kupanga safari hiyo nikiwa msichana mdogo. Sasa nina mvi.

Mama mukubwa aliondoka Goma katika vita vya kwanza. Mume wake alikuwa dereva wa kamio, lori la mizigo, wazee wake watu wa Maniema kama wetu, mtu wa sala na wa mzaha mwingi. Siku risasi zilipoingia mjini alimpandisha mke wake juu ya magunia, wakatokea Bunagana, wakaingia Uganda. Walidhani watarudi baada ya wiki mbili tatu. Kamio iliharibikia njiani, pesa zikaisha, na kila walipofika waliambiwa mbele kuna pazuri zaidi. Wakashuka hivyo hivyo, nchi baada ya nchi, mpaka kambi moja ya wakimbizi huko Malawi. Kutoka kambini mume akasikia kwamba kuna mji kando ya ziwa wenye misikiti, ambapo wazee wengine bado wanakumbuka Kiswahili cha babu zao. Wakaenda huko. Mume akafa huko. Watoto hawakujaliwa, basi mama mukubwa akabaki peke yake na biashara ya maandazi.

Habari hizi zilitufikia kidogo kidogo, kwanza kwa mdomo wa madereva, kisha kwa simu, simu zilipokuja. Na kuna jambo moja ambalo mama mukubwa alilirudia kila alipopiga, mpaka mimi mwenyewe nikalijua kwa moyo. Alisema siku waliyofika Nkhotakota alisimama mbele ya mlango wa mwanamke asiyemjua, miguu mitupu, midomo imepasuka.

"Sikupiga hodi," alikuwa akimwambia mama. "Mudogo wangu, unanisikia? Mimi, mutoto wa baba yetu, nilisimama kwa mulango wa mutu bila hodi. Mukimbizi hapigi hodi. Anasimama tu mpaka wamuone."

Mwanamke yule alimpa maji, akampa na mahali pa kulala, na wakawa majirani kwa miaka yote iliyofuata. Hakumtendea baya hata siku moja. Lakini mji ulikuwa umeshamwona vile. Sokoni alikuwa "yule mkimbizi." Alipozeeka akawa "yule bibi mkimbizi." Watoto walimuuliza kama kweli alizaliwa kambini. Aliumia. Alikuwa mtu wa nyumba yenye baraza, mtu aliyeolewa kwa ngoma siku nzima, na sasa hakuna hata mmoja pale aliyejua kwamba ametoka mahali.

Ndiyo sababu akamwomba mama yangu jambo moja tu. Hakuomba pesa, hakuomba arudishwe.

"Kuya unitembelee," alisema. "Siku chache. Uye na vitu mukononi, upige hodi, ukae, ule, halafu urudi kwako. Ile ya kurudi ndiyo nataka waone. Waone kama niko na kwetu, na kwetu kuko watu."

Mama alilia siku ile, kisha akapangusa uso, akatafuta valizi.

Kwetu kuna desturi, sijui kama ni ya Maniema au ni ya ukoo wetu tu. Mdogo akimtembelea mkubwa wake kwa mara ya kwanza katika nyumba ambayo hajawahi kuingia, chungu cha kwanza kinapikwa na mgeni, kwa kile alichokuja nacho. Mwenye nyumba haruhusiwi hata kupuliza moto. Mama mukubwa alitaka sambaza, visamaki vya ziwa letu, vilivyokaushwa juani. Nilicheka sana.

"Mama, unabeba samaki kupeleka ziwani?"

"Huko wana samaki wadogo wanaitwa usipa. Yaya anasema si sambaza."

"Samaki mdogo ni samaki mdogo."

"Weye shona nguo," mama akaniambia.

Basi ndani ya valizi zikaingia sambaza katika mfuko uliofungwa mara tatu, kahawa, na kitenge kizima ambacho hakijakatwa, ili siku wakionana nikate mimi mwenyewe nguo mbili zinazofanana, wavae pamoja Ijumaa. Maana nami nilikuwa niende. Mama alisema mgeni mwenye heshima hasafiri peke yake.

Mama mukubwa akamfundisha na salamu. Alisema huko ukipiga hodi wanaitika "odini." Mama akaipenda hiyo. Akawa anaijaribu nyumbani, anatoka nje, anafunga mlango, anapiga hodi, na mimi niitike "odini" kutoka jikoni. Tulicheka mpaka jirani akauliza kama tumepandwa na majini.

Mara ya kwanza valizi ilikuwa imefungwa tayari, na dereva ameshatuahidi nafasi, lava ikashuka. Sitasimulia sana. Ilipita katikati ya mji, ikapanda juu ya maduka na nyumba, ikaingia ziwani, na sisi tukakimbilia Gisenyi ng'ambo ya mpaka pamoja na mji mzima. Mama alinyakua kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu kilikuwa valizi ya safari. Tukakaa kando ya barabara Gisenyi bila sufuria, bila blanketi, tumejifunika kitenge cha mama mukubwa. Njaa ilipokaza, mama akafungua mfuko wa sambaza. Akawa anawagawia watoto wa watu viganja viganja, na machozi yanatiririka. Alikuwa hajalia kwa ajili ya nyumba.

Tuliporudi, nyumba yetu, ile ya babu yenye baraza, haikuwepo. Palikuwa na jiwe jeusi lililofika kwenye urefu wa madirisha ya zamani, bado lina moto chini. Tukangoja lipoe, tukajenga ya mbao juu yake. Nyumba yetu ya sasa inakaa juu ya nyumba yetu ya zamani, na mpaka leo mama akitafuta kitu kilichopotea husema, "Pengine kiko chini."

Akaanza upya. Kitenge kipya, sambaza mpya, kahawa mpya. Mwaka unapita, anaweka kidogo. Mwaka mwingine unapita, waasi wanakaribia, anakula kilichowekwa. Mara nyingine mji ukatekwa, na watu wenye bunduki waliokuwa wanauacha wakapita mlango kwa mlango wakibeba wanachotaka. Valizi ilikuwa mlangoni kwa sababu tulijiandaa kukimbia nayo. Wakaenda nayo. Mama alisimama barabarani akiwatazama wakiondoka na kitenge cha dada yake begani.

Baada ya hapo ndipo akatunga sheria ya valizi mbili.

"Vita vinakula kila kitu cha safari," alisema. "Sasa vita vitakuwa na valizi yao, na safari itakuwa na yake. Visijuane."

Wakati huo alikuwa amepata na pasipoti, na yangu ikafuata baadaye. Msiniulize ilivyopatikana, wala ilivyofanywa upya kila muda wake ulipoisha, alizunguka ofisi mpaka viatu vikatoboka. Kitabu chenyewe alikifunga katika leso, na tukagombana kuhusu mahali pa kukiweka.

"Karatasi zote ziko kwenye valizi ya mlangoni," nilimwambia. "Cheti chako, vyeti vya shule, kila kitu. Pasipoti nayo ikae pale. Tukikimbia tunayo."

"Pasipoti haikimbii."

"Mama!"

"Pasipoti haikimbii. Ninaikimbiza kwenda wapi? Nikiitia humo, siku moja nitajikuta ng'ambo na pasipoti mukononi na sufuria kichwani, na mutaniambia, mama, tumeshatoka, tuendelee tu mpaka kwa yaya. Najua mutasema hivyo. Weye hasa. Nami nitakubali kwa sababu nitakuwa nimechoka. Halafu nifike kule namna gani? Wapate bibi mukimbizi wa pili?"

Ndivyo hasa nilivyokuwa nimefikiria. Pasipoti ikapanda kabatini, pamoja na sambaza.

Volkano ilipopasuka tena, miaka mingi baadaye, sheria ilifanya kazi. Serikali ikasema tuondoke, tukaondoka na valizi ya mlangoni, tukalala Sake kwenye sakafu ya shule. Njia nzima mama alikuwa mtulivu ajabu. Watu wanaomba, watu wanalia, yeye anasema, "Ile ya yaya iko salama, iko kabatini." Niliona haya. Mji unatetemeka kila dakika chache na mama yangu anajivunia kabati. Tuliporudi, lava ilikuwa imesimama kabla ya kufika kwetu. Mama akafungua mlango mbio, na harufu ikatupokea. Sambaza zilikuwa zimepata unyevu, zimeoza, zimeharibu kahawa na kitenge pamoja. Ayi mama! Tulitoa kila kitu nje, tukajifunga leso puani. Lakini pasipoti ilikuwa nzima. Mama aliipeperusha juani, akaicheka, akaimba. Siku hiyo ndiyo ya mwisho ninayokumbuka alivyofurahi bila kitu kingine ndani yake.

Akajaza valizi mpya tena, kitenge, kahawa na sambaza. Baadaye mama mukubwa akaanza kuumwa. Kwanza alisema ni miguu. Kisha yule jirani yake, mwanamke wa mlango ule, ambaye kwa miaka ya kukaa naye alikuwa ameokota Kiswahili cha kutosha, akatupigia yeye mwenyewe. Akasema si miguu, ni figo, na daktari ameshasema maneno yake. Akasema, "Kila siku anauliza mnakuja lini. Amefua shuka za wageni. Haruhusu mtu alalie."

Wakati huo Bunagana ilikuwa imeshachukuliwa tena, na vita vinashuka na barabara ya Rutshuru. Watu wa Kibumba, wale wanaotulisha viazi na kabichi, walikuwa wanaingia mjini na magodoro kichwani na mbuzi kwa kamba. Familia moja ikapiga hema la plastiki kwenye kiwanja chetu, juu ya mawe makali ambayo hata mbwa halali. Mama akawapa sufuria. Mama yule wa Kibumba alikuwa mkulima Mkristo, mwenye Kinyarwanda kingi na Kiswahili kichache, na akawa anasaidia kufagia.

Nikamwambia mama twende.

"Sasa hivi. Bariere ya mpakani bado iko wazi. Tuvuke Gisenyi, tupande basi, tushuke Tanzania, tufike. Anakufa, mama."

"Vita vitatulia. Vinatuliaga."

"Yeye atatulia kwanza."

Alinipiga kofi. Mimi mtu mzima, mwenye wateja wanaoniita mama. Kisha akakaa chini, akanionyesha barabara kwa kidevu, watu wale wanaopita na magodoro.

"Nivuke na hawa?" aliuliza. "Nisimame kwa mustari na hawa, hapo bariere, nifike kwake na vumbi hili hili? Miaka yote hii ananiomba kitu kimoja. Kimoja! Niwe mugeni. Nikifika kama hawa, nitakuwa nimempelekea nini? Nitakuwa nimewahakikishia watu wa kule."

"Utakuwa umempelekea macho yako."

 Na mimi nilimkasirikia, namwambia Mungu ukweli, nilimkasirikia mpaka nikashindwa kula meza moja naye. Nilimwona mtu anayechagua kiburi mbele ya ndugu yake. Ilichukua muda nielewe kwamba kiburi kile hakikuwa chake. Alikuwa anakibeba kwa niaba ya mtu mwingine.

Vita havikutulia. Siku vilipoingia Goma tulinyoosha mkono, kama desturi, tukachukua valizi ya mlangoni, tukakimbilia msikitini kwa sababu kuta zake ni za mawe. Familia ya Kibumba tulikwenda nayo. Mabomu yalikuwa yanaanguka mahali ambapo kila mtu alimjua mtu. Mama aliketi amekumbatia valizi yenye chumvi na sufuria, na nilijua kilichomo kichwani mwake. Niliwaza kukimbia kurudi kuchukua ile nyingine. Nilifika mlangoni, imamu akanivuta kwa shati.

Kulipotulia tukarudi. Mlango ulikuwa umelala chini. Waliopita walichukua mchele, redio, nguo za wateja wangu, na valizi ya kabatini, kwa maana ilikuwa mpya na safi na ilionekana kama ya mtu mwenye mali. Sambaza hawakuzitaka. Walizimwaga sakafuni ili mzigo uwe mwepesi, wakazikanyaga. Kitenge, kahawa, leso iliyofunga pasipoti zetu, vyote vilikuwa vimekwenda.

Mama akapiga magoti, akaanza kuokota sambaza moja moja, zile ambazo hazikupondwa na viatu.

"Mama, acha. Ni chafu."

Akaendelea. Alizipepeta, akazitia kwenye kopo la maziwa, akalifunika.

Mtu anayekaa Goma anavuka kwenda Gisenyi kwa kitambulisho tu, anauza nyanya, anarudi. Lakini mbele ya pale, kwa nchi zile zote hadi Malawi, unahitaji pasipoti, na wakati huo mjini kwetu hakukuwa na ofisi ya kuitoa. Uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa. Kwenda mji mwingine kuomba nyingine kulimaanisha kupita katikati ya wanaopigana. Niliulizia kila mtu. Mama hakuniuliza niliambiwa nini, aliusoma uso wangu nikiingia.

Asubuhi moja akavaa vizuri, akaniambia tuvuke. Tulikwenda mpaka ofisi ya mabasi Gisenyi. Kijana wa dirishani alikuwa na adabu, akasema shikamoo, akaomba pasipoti.

"Imeibiwa," mama akasema. Kisha akainamisha kichwa, akasogea karibu na dirisha, na nikasikia sauti yake inateremka. "Uniandike mukimbizi."

Nikageuka, nikatazama ukuta. Sikutaka anione nimesikia.

Kijana akasema, "Bibi, mimi nauza tiketi tu. Wakimbizi wanaandikishwa kule, wanapelekwa kambini. Hawaendi kutembelea ndugu."

"Hata kambini, basi. Halafu nitatembea."

"Kambi haiko njia hiyo, bibi."

Alimwambia asante. Tukarudi kwa miguu hadi bariere, na watu walikuwa wengi, na alisimama kwenye mstari pamoja nao. Miaka yote alilikwepa neno lile, na siku alipolimeza halikumsaidia chochote. Nilitamani anitukane. Nilitamani aniambie, "Si ulisema twende mapema?" ili nami nimtukane tumalize. Alinishika mkono tu, kama mimi ndiye niliyefiwa.

Hakuwa amefiwa bado. Tulipata kuongea na mama mukubwa mara moja tena. Sauti ilikuwa imebaki nyembamba.

"Mudogo wangu, hiyo ya vitu acha," mama mukubwa alisema. "Kuya mikono mitupu. Kuya vile nilivyokuya."

"Niko njiani, Yaya," mama akamwambia. "Niko njiani."

Alikufa siku ya soko. Wakamzika jioni ile ile, kama inavyotakiwa, na mama hakuwepo kumwagia hata kiganja cha udongo.

Siku ya matanga yule jirani wa Nkhotakota akapiga simu. Alisema watu wamejaa uani kwa ajili ya dua, amefanya chai, amefanya wali.  Kisha akasema kwa kile Kiswahili chake cha kuokota, "Watu wanauliza. Wanasema, huyu bibi hana watu? Nawaambia anao. Lakini wananitazama tu."

Mama alikuwa amelala kitandani tangu habari ilipofika. Aliketi.

"Waambie wasitawanyike," alisema. "Waambie wangoje kidogo. Watu wake wanakuya."

Nikadhani akili imemtoka. Akajifunga kitenge, akatoka, akaingia nyumba ya kwanza, ya pili, akazunguka katiye nzima, mtaa wote, katika jua la adhuhuri na ugonjwa wake wa goti. Akarudi na wanawake. Walijaa ndani, wakajaa mlangoni, wakakaa nje juu ya mawe ya lava. Wengine wenye mitandio, wengine wenye rozari, mmoja ana unga mikononi. Mama alilitoa lile kopo la maziwa, akaziosha sambaza mara nyingi, akaziweka jikoni na nyanya moja. Hazikujaza hata nusu ya sufuria. Hakuruhusu mtu mwingine apulize moto.

Kisha akachukua simu yangu, akaiweka juu ya cherehani, sauti wazi, akamwambia yule jirani, "Tega simu yako watu wote wasikie. Na weye uwatafsirie."

Wakaanza, mmoja mmoja.

"Mimi nilisoma naye Kurani, tukipigwa fimbo moja."

"Mimi mama yangu ndiye alimusuka siku ya harusi. Ngoma ilipigwa siku nzima, ng'ombe wawili."

Ng'ombe alikuwa mmoja. Hakuna aliyesahihisha.

"Mimi nilikopa sahani kwake, vita vikaingia, sikurudisha. Ninazo mpaka leo."

"Nyumba ya baba yao ilikuwa na baraza. Iko hapa chini, chini ya miguu yetu. Tunakaa juu yake."

Kila mmoja aliposema, tulisikia upande wa pili yule mwanamke akitafsiri, na nyuma yake mnong'ono wa watu wengi. Mama wa Kibumba alikuwa mwisho, amesimama kwenye kizingiti. Nilidhani atapita tu. Akakaribia simu.

"Mimi simujui," alisema taratibu, akitafuta kila neno. "Mimi nilikimbia kwetu. Nikafika hapa bila kitu, na mudogo wake akanipa sufuria. Kwa hiyo huyu muzee aliyekufa ni mukubwa wangu pia."

 Yule jirani alichukua muda mrefu kutafsiri hiyo.

Ikabaki zamu ya mama. Alikuwa ameketi mkekani muda wote, mikono magotini. Akainuka, akajitengeneza mtandio, akajipangusa vumbi upande huu na upande huu. Nikamsogezea simu, akakataa kuishika. Alisimama mbele ya cherehani yangu, wima kabisa.

"Hodi," akasema.

Hakuna aliyejibu. Nikatazama kama mtandao umekatika. Haukukatika.

"Hodi, Yaya."

Yule mwanamke wa Nkhotakota akajaribu, akashindwa, tukasikia analia. Kisha zikaja sauti za watu wengine, wa kike na wa kiume, uani kote kule, kwa pamoja:

"Odini!"

Mama akavua viatu, akavipanga kando ya cherehani, ndipo akaketi.